Kuwafundisha Watoto Kuimba kwa Nyimbo za Majilio na Noeli

Kila mwaka ikaribiapo sikukuu ya Noeli, husikika katika vijiji vyetu sauti za watoto wakijizoeza nyimbo. Jambo hili ni jema, nalo hufurahisha mioyo ya wazazi. Walakini, ukisimama kando ukasikiliza kwa makini, mara nyingi utaona kwamba kinachofundishwa si kuimba bali ni kupaza sauti. Mwalimu husimama mbele, hutaja maneno, na watoto huyarudia kwa nguvu zao zote. Siku yenyewe ikiwadia, nusu yao wamekauka koo. Sikukuu ikiisha, nyimbo nazo zimekwisha. Na mwaka ufuatao kazi huanza tena tangu mwanzo, kana kwamba watoto hawakufundishwa kitu.

Twataka kuonyesha hapa kwamba nyimbo za majira haya, zikichaguliwa vema na kupangwa kwa utaratibu, ni chuo kizuri sana cha kufundishia uimbaji. Majilio ni majuma manne ya kuingojea Noeli. Mwalimu akichagua nyimbo nne, na katika kila wimbo akafundisha jambo moja tu, watoto watafika siku ya sikukuu wakiwa na nyimbo nne vichwani na elimu itakayobaki kwao mwaka mzima. Msomaji asiye Mkristo naye asiliache somo hili, maana njia ya kumfundisha mtoto kupumua, kusikiliza na kutamka maneno ni ile ile, hata kwa kaswida au nyimbo za shule.

Sababu yangu ya kuandika ni hii. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, tulikuwa tukijizoeza nyimbo za Noeli, na mwalimu akapita mbele ya safu yetu akimtegea sikio kila mmoja. Alipofika kwangu akasimama, akaniambia, "Wewe fumbua kinywa tu, usitoe sauti." Nikafanya hivyo. Siku ya sikukuu nilisimama mbele ya watu wote nikifumbua na kufumba kinywa kama samaki. Jioni mama akaniuliza, "Mbona sikuisikia sauti yako, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu. Ilipita miaka kumi kabla sijathubutu kuimba tena mbele ya watu. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alitaka wimbo upendeze, wala hakujua njia nyingine. Njia nyingine iko, nayo ndiyo nitakayoieleza.

WALIOZITUNGA WENGI WALIKUWA WALIMU

Yafaa mwalimu ajue kwanza kwamba nyimbo nyingi za Noeli zilitoka mikononi mwa watu kama yeye, waliokuwa na watoto mbele yao na vyombo vichache.

Wimbo ujulikanao kwetu kwa jina la Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 24 Desemba, 1818, katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, mji mdogo wa Oberndorf, karibu na Salzburg katika nchi ya Austria. Maneno yake yalikuwa yameandikwa mwaka wa 1816 na padre msaidizi, Joseph Mohr. Aliyeyatilia sauti ni Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule katika kijiji jirani cha Arnsdorf. Hawakuwa na kwaya kubwa wala kinanda kikubwa usiku ule. Waliimba wawili, Mohr akipiga gitaa, na waimbaji wengine wakairudia mistari ya mwisho ya kila ubeti. Leo wimbo ule huimbwa katika lugha nyingi za dunia.

Kadhalika, mwaka wa 1535 Martin Luther wa Ujerumani alitoa wimbo wa Noeli aliouita wimbo wa watoto. Naye aliyajua mambo hayo kwa mwili wake, kwa kuwa alipokuwa mwanafunzi alikuwa akiimba barabarani pamoja na wenzake mbele ya milango ya watu ili wapewe chakula. Mwaka wa 1582 kilichapishwa kitabu cha nyimbo za Kilatini zilizokuwa zikiimbwa na wanafunzi wa shule za Finland na Sweden. Jina lake ni Piae Cantiones, na nyimbo zake kadha za Noeli zaimbwa hata leo. Na mwaka wa 1848 mama mmoja wa Ireland, Cecil Frances Alexander, alitoa kitabu cha tenzi kwa ajili ya watoto wadogo tu. Mmoja katika tenzi hizo ni wa Noeli, nao tutautaja tena mwishoni.

Basi mwalimu wa kijijini mwenye watoto thelathini na asiye na kinanda asidhani kwamba yu nje ya kazi hii. Yeye yumo katikati yake.

KABLA YA WIMBO WA KWANZA

Kuna mambo matatu ya kuweka sawa kabla ya kufundisha wimbo wowote.

La kwanza ni mwili. Watoto wasimame wima, miguu ikiachana kidogo, mabega yameshuka, shingo haikukazwa. Wakivuta pumzi, mabega yasipande. Tumbo na mbavu za chini ndizo zitanuke. Waambie waweke mikono ubavuni wasikie wenyewe. Kisha watoe pumzi polepole kwa sauti ya "sss", nawe uhesabu mpaka kumi. Siku ya kwanza wengi wataishiwa kwenye sita. Baada ya juma moja watafika kumi na mbili, nao watafurahi kwa kuwa maendeleo yao yanahesabika.

La pili ni nguvu ya sauti. Sauti ya mtoto ni nyepesi, na uzuri wake ni katika wepesi huo. Mtoto apigaye kelele hutumia sauti ile aitumiayo kumwita mwenzake ng'ambo ya bonde, nayo haiwezi kupanda juu bila kupasuka. Kwa hiyo wafundishwe kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto aliyelala. Wakishajua kuimba hivyo, utawaongezea nguvu kidogo kidogo. Akianza kwa kelele, mtoto ataona taabu sana kurudi kwenye utulivu.

La tatu lawahusu walimu wanaume. Sauti ya mwanamume iko chini ya sauti ya mtoto kwa ngazi nane. Mwalimu akiimba kwa sauti yake nzito, watoto wengine hujaribu kumfuata chini huko, wakanguruma pasipo kupata sauti yoyote. Hapo mwalimu hudhani hawajui kuimba, kumbe wanamwiga yeye. Dawa yake ni rahisi: mchague msichana mwenye sauti safi, au mwalimu mwanamke, atoe sauti ya mfano, ama tumia filimbi. Watoto humsikia mtoto mwenzao upesi kuliko wanavyomsikia mtu mzima.

NGAZI YA SAUTI

Walimu wengi wa Afrika ya Mashariki wanazijua nota za solfa: do, re, mi, fa, sol, la, ti, do. Asili yake ni ya zamani. Katika karne ya 11 mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliona wavulana wa kwaya wanapoteza miaka mingi wakijifunza nyimbo kwa kusikia tu. Akachukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini, ambao kila mstari wake ulianza ngazi moja juu ya uliotangulia, akazifanya majina ya sauti. Katika karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitengeneza njia ya kuwafundisha watoto kwa herufi za majina hayo, na John Curwen akaieneza. Njia hiyo haitaki kitabu cha gharama. Ubao na chaki vyatosha. Kwa sababu hiyo ilifika mbali pamoja na wamisionari na walimu, na kwaya nyingi za Tanzania na Kenya husoma nyimbo zao kwa nota hizo.

Curwen alitumia pia alama za mkono. Kwa do mwalimu hufumba ngumi. Kwa mi hulaza kiganja kikitazama chini. Kwa sol hukigeuza kiganja kimwelekee yeye mwenyewe. Mkono hupanda sauti ipandapo, hushuka sauti ishukapo. Faida yake ni kwamba mtoto huiona sauti kwa macho. Anza na do, mi na sol tu. Mtoto akiweza kuruka katika hizo tatu bila kukosea, nyingine zitakuja zenyewe kati yake.

JUMA LA KWANZA: KIITIKIO

Wimbo wa kwanza uwe wa Majilio hasa, wa kungoja. Mzuri kuliko nyingi ni ule wa kumwita Emanueli, ambao kwa Kilatini huitwa Veni Emmanuel. Maneno yake yametokana na sala saba za kale ambazo Kanisa la Magharibi huziimba jioni tangu tarehe 17 mpaka tarehe 23 Desemba. John Mason Neale aliyatia katika Kiingereza, akayachapisha mwaka wa 1851. Watu hawakujua sauti yake imetoka wapi, mpaka mwaka wa 1966 Mary Berry, mtawa na mtaalamu wa muziki, alipoikuta katika kitabu kilichoandikwa kwa mkono katika karne ya 15, kilichokuwa kikitumiwa na watawa wa Ufaransa na sasa kimehifadhiwa Paris.

Somo la wimbo huu ni kiitikio. Kila ubeti huishia na maneno yale yale na sauti ile ile. Wafundishe watoto wadogo kabisa kiitikio peke yake, na wakubwa uwafundishe beti. Hivyo hata mtoto wa miaka mitano ana kazi yake, naye hujifunza jambo lililo gumu kuliko kuimba, yaani kunyamaza na kungoja zamu yake.

Tena wimbo huu huelekea la, wala si do, na hiyo ndiyo sababu ya kusikika kama wenye huzuni. Usiwaeleze watoto hayo kwa maneno mengi. Waimbishe do, mi, sol, kisha la, do, mi, uwaulize zipi ni za mtu aliyefika na zipi ni za mtu anayengoja. Watakujibu sawasawa, nao watakuwa wamejifunza tofauti ambayo vitabu huitumia kurasa nyingi.

JUMA LA PILI: NGAZI NANE

Katika juma la pili fundisha ule wimbo wa furaha kwa dunia nzima, ambao maneno yake yalitungwa na Isaac Watts mwaka wa 1719 kutoka katika Zaburi ya 98. Sauti ijulikanayo leo ilichapishwa katika miaka ya 1830 na Lowell Mason wa Marekani. Mason alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1838 mji wa Boston uliufanya uimbaji kuwa somo katika shule zake za umma, naye ndiye aliyeianzisha kazi hiyo.

Sikilizeni ajabu ya wimbo huu. Mstari wake wa kwanza huanzia do ya juu, hushuka ngazi zote nane, moja moja, bila kuruka hata moja, mpaka do ya chini. Wimbo wote haupiti nje ya ngazi hizo nane. Basi mwalimu aliyekwisha kuwafundisha watoto ngazi, kumbe amekwisha kuwafundisha mstari wa kwanza wala hawajui! Waimbishe kwanza ngazi ya kushuka kwa mwendo wa sawasawa. Kisha waimbe ile ile ngazi kwa mapigo ya wimbo, sauti nyingine ndefu, nyingine fupi. Kisha tia maneno. Nyuso zitang'aa watakapotambua ni wimbo gani.

Hatari iko katika kushuka. Watoto washukapo ngazi huteleza, na do ya chini huwa chini kuliko inavyopasa. Mwalimu awaambie wapige hatua fupi, kama mtu ashukaye kilima chenye matope, na mwisho wa mstari awapimie kwa filimbi waone kama wamebaki palepale.

JUMA LA TATU: KUJIBIZANA

Wimbo wa juma la tatu na uwe ule wa Luther tuliokwisha kuutaja, ambao kwa Kijerumani huitwa Vom Himmel hoch. Beti zake za kwanza ni habari aletayo malaika. Zinazofuata ni majibu ya waliosikia. Kwa hiyo wafaa kuimbwa kwa kujibizana, mtoto mmoja au wachache upande huu, na wengine wote upande ule.

Katika jambo hili watoto wetu hawahitaji kufundishwa sana, kwa sababu ni desturi ya nyimbo zetu. Penye ngoma, penye kulima, penye kutwanga, mmoja huanza na wengine huitikia. Mwalimu autumie ustadi huo walio nao tangu nyumbani. Mwitikiaji mzuri huchukua sauti kabla mwanzishaji hajapoa. Asikurupuke kabla ya zamu, wala asiache shimo la kimya katikati. Mtoto awezaye hivyo amejifunza kusikiliza. Naye asikilizaye mwenzake siku moja ataweza kuimba sauti ya pili, sauti ya kwanza isimvute.

JUMA LA NNE: UTULIVU NA UPANA WA SAUTI

Usiku Mtakatifu tumeuacha mwisho kwa makusudi. Watu husema ni wimbo rahisi, na maneno yake ni rahisi kweli. Lakini sauti yake hutoka do ya chini hupanda mpaka fa iliyo juu ya do ya pili, yaani ngazi kumi na moja. Ndiyo maana katika makanisa mengi mstari ule wa karibu na mwisho husikika kama yowe.

Dawa yake ni mwanzo. Kabla hamjaanza, mwalimu ajaribu kwanza ile sauti ya juu kabisa pamoja na watoto. Wakiifikia bila kukaza shingo, ahesabu kurudi chini mpaka sauti ya kuanzia. Asianzie popote kinywa kitakapoangukia. Mwalimu afanyaye hivi atakuwa ameponya nyimbo nyingi, si huu mmoja tu.

Tena mapigo yake ni sita katika kila kipimo, na mazito ni mawili, la kwanza na la nne. Ni mwendo wa mama abembelezaye mtoto. Waambie watoto wasimame wakiyumba polepole kulia na kushoto, waimbe huku wakiyumba. Wakishauzoea mwendo huo, wasimame kimya wausikie ndani. Hapo utasikia wimbo umetulia wenyewe, bila mwalimu kutia kidole midomoni kuwaomba watulie.

MANENO YETU NA SAUTI ZA WAGENI

Sasa twafikia jambo ambalo walimu wengi hulisahau. Wamoravia walipofika Rungwe mwaka wa 1891, na Walutheri wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka wa 1893, walileta nyimbo za kwao, na wamisionari wengine walifanya vivyo hivyo. Maneno yakafasiriwa katika lugha zetu, lakini sauti hazikubadilishwa. Hapo pakatokea taabu.

Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: u-SI-ku, m-TO-to, NYO-ta, ma-la-I-ka. Mistari mingi ya nyimbo za Ulaya huishia kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho kabisa, maana ndivyo yalivyo maneno ya lugha zao. Tukiyatia maneno yetu bila kufikiri, mtoto huimba "usiKU" na "nyoTA", na masikio ya mzee aliyeketi nyuma hukwazwa, ingawa hajui sababu. Katika lugha kama Kihaya, Kichaga au Kikuyu shida ni kubwa zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti huweza kuligeuza neno liwe neno jingine.

Mwalimu afanye hivi. Kwanza watoto wasome ubeti wote kwa maneno matupu, kama wazungumzavyo, mara tatu. Pili, wapige makofi penye mkazo wa kila neno. Tatu, waimbe, na mahali ambapo pigo zito limeangukia silabi ya mwisho, silabi hiyo waiguse kwa wepesi wala wasiikanyage. Iwapo sauti ya mwisho ni ndefu, mwalimu aweza kuigawa mara mbili: silabi yenye mkazo ikae juu ya pigo zito, na ile ya mwisho ifuate kwa upole. Wimbo hauharibiki, na neno hurudi kuwa neno.

Liko na jambo la herufi m. Katika "mtoto" na "mtu" herufi hiyo ni silabi kamili, nayo yataka nota yake. Midomo ifumbwe na sauti ipite puani. Lakini katika "mbingu" si silabi ya peke yake. Imeshikamana na b. Watoto wakiimba "m-bi-ngu" kwa nota tatu, huwa wameongeza kitu kisichokuwapo. Mwalimu apite katika ubeti na kalamu, aweke alama chini ya kila m, kabla hajasimama mbele ya watoto.

MTOTO ASIYEPATA SAUTI

Katika kila kundi wako wawili watatu ambao sauti zao hukaa mahali pamoja, wengine wapandapo wao hawapandi. Hawa ndio waambiwao wafumbue kinywa tu. Twasema kwa nguvu zote: mtoto asiambiwe neno hilo. Walio wengi katika hao hawana ugonjwa wa masikio; hawajapata bado kuisikia sauti yao wenyewe ikilingana na ya mwingine.

Mwite mmoja kando, wenzake wasimcheke. Usimpe sauti yako aifuate. Mwambie atoe sauti yoyote anayoitaka, kisha wewe umfuate yeye. Zikikutana zile sauti mbili, mwambie, "Sikia, sasa tuko pamoja." Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kusikia hivyo maishani mwake. Kutoka hapo panda naye ngazi moja, kisha ya pili. Siku ya kwanza dakika tano zatosha. Mwigishe pia sauti za vitu avijuavyo: ndege aitavyo, upepo upandavyo na kushuka mlangoni. Katika safu mweke kati ya wawili wenye sauti safi, si mwishoni. Katika majuma manne wengine watapona kabisa, na wengine watakuwa wamefika nusu ya njia. Hata huyo wa nusu ya njia na aimbe.

Mimi nalifunzwa hivyo nikiwa kijana mzima, na rafiki aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Aliniambia nitoe sauti yoyote, naye akaifuata. Mpaka leo naikumbuka sauti ile, ilikuwa chini kidogo ya do.

SIKU YENYEWE

Katika Chuo cha King's, Cambridge, ibada ya masomo tisa na nyimbo ilianza katika mkesha wa Noeli wa mwaka wa 1918. Tangu mwaka wa 1919 huanza kwa ule utenzi wa watoto wa Bibi Alexander, na ubeti wake wa kwanza huimbwa na mtoto mmoja peke yake, bila kinanda. Wavulana kadha hujiandaa, na aliyechaguliwa hujulishwa dakika ile ile ya kuanza, asipate nafasi ya kuogopa.

Desturi hiyo yafaa kuigwa hata kijijini. Usiwe na mtoto mmoja tu ajuaye kuanza. Waandae wanne au watano, wote wawe tayari. Wakikusanyika mlangoni, mwoneshe mmoja kwa mkono aanze. Kanisa zima litanyamaza kuisikia sauti ile ndogo, nao wale wengine wanne watajua kwamba walistahili vivyo hivyo.

Siku ya mkesha msizoeze tena mambo mapya. Watoto wale chakula mapema, wanywe maji, wasipige kelele uwanjani, walale. Asubuhi mwalimu awaimbishe ngazi mara moja kwa sauti ya chini, awape sauti ya kuanzia, kisha anyamaze yeye. Mwalimu asiimbe kwa nguvu kuwafunika. Kama wamefundishwa, wataimba. Na kama wamekosea mahali, kosa la watoto waimbao hupendeza kuliko usahihi wa mwalimu aimbaye peke yake.

Basi walimu na wazazi, Majilio yana majuma manne. Dakika ishirini kila siku zatosha. Na ikiwa shule zimefungwa, watoto na waitwe jioni wamalizapo kazi za nyumbani. Nyimbo nne, masomo manne, na asiwepo mtoto hata mmoja aliyeambiwa anyamaze. Na mama aliyeketi kwenye kiti cha nyuma, akitega sikio katikati ya sauti thelathini, na aisikie ile moja aliyokuja kuisikia.